Wajumbe Wenye Mkia

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya kikao kilichoketi Jumanne baada ya kahawa, nilitangaza kwamba Idara ya Msuli wa Moyo ya hapa Norrhamn ndiyo idara kubwa kuliko zote chuoni. Tulikuwa na wafanyakazi mia nne na thelathini. Thelathini kati yao walikuwa binadamu.

Naomba asicheke mtu. Mimi, Sixten Hallonqvist, Afisa Mratibu wa Ustawi na Maelewano, nimelisimamia jambo hili tangu likiwa wazo mdomoni mwa mtu anayetafuna, na naweza kuthibitisha kuwa hakuna hatua iliyorukwa.

Chanzo kilikuwa waraka wa Mkuu wa Chuo. Ulisema kila idara yenye wafanyakazi chini ya mia moja itaunganishwa na jirani yake kabla ya mwaka mpya. Jirani yetu ni Idara ya Figo. Mkuu wetu wa idara, Torkel Wadensjö, alisoma waraka huo akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena akiwa ameketi, kana kwamba ungelainika.

"Figo, Sixten!" akasema. "Watu wanaoshinda kutwa wakijadili mkojo. Na mimi niende kukaa chini yao?"

"Waraka unasema ni kwa ajili ya tija," nikamkumbusha.

"Tija ya nani? Mimi ndiye mkuu hapa. Wakituunganisha, mkuu atakuwa yule bibi wa figo, nami nitakuwa mtu wa kawaida. Unajua mtu wa kawaida anavyopangiwa maegesho ya baiskeli?"

Najua. Mimi ndiye ninayeyapanga.

Wazo lilikuja kwenye mapumziko ya saa tatu u nusu asubuhi, wakati wa kahawa na maandazi ya mdalasini, ambapo kwa desturi yetu watu wote huacha kazi ili waketi pamoja na kutozungumzia kazi. Torkel alikuwa na andazi mkononi. Ghafla akaacha kutafuna.

"Wale panya wa Hillevi," akasema. "Wanafanya kazi au hawafanyi?"

"Wanakimbia kwenye magurudumu yao kila siku," nikajibu.

"Wanalala wapi?"

"Hapahapa. Ghorofa ya chini."

"Yaani wanaishi kazini! Kuna mwenzetu yeyote hapa anayejituma hivyo? Wewe unaishi kazini, Sixten?"

Ilinibidi nikiri kwamba naondoka saa kumi kamili.

"Basi," akasema Torkel, na kumalizia andazi. "Waandikishe."

Hapa sina budi kumwelezea Hillevi Rönnbäck, kwa kuwa bila yeye tusingekuwa na wafanyakazi hao, na bila wao yeye asingekuwa na shida yoyote. Hillevi ni mtafiti kijana kutoka bonde la mto, kule juu ambako majira ya baridi watu huanza kuteleza kwenye theluji kabla hawajajua kutembea sawasawa. Katika bonde hilo kuna koo ambazo watu wake, wazima kama chuma, huanguka ghafla katikati ya mashindano. Kaka yake, Elof, alianguka hivyo akiwa na miaka ishirini. Alipona kwa sababu aliyekuwa akimfukuzia kwa nyuma alikuwa muuguzi, naye akaona afadhali kupoteza medali.

Hillevi alishuku jeni moja katika msuli wa moyo. Aliipa jina Mshikizo. Alifikiri kazi yake ni kuzifanya seli za moyo zishikane barabara moyo unapokwenda mbio. Ila kufikiri si kujua. Ili ujue kazi ya jeni, aliniambia, unaizima, halafu unaangalia kipi kinaharibika.

"Kama vile ukitaka kujua kazi ya fundi umeme ofisini," akasema. "Mpe likizo."

"Na ukitaka kujua kazi ya afisa mratibu?" nikamuuliza, kwa kujiamini.

Alitazama dirishani. "Theluji imewahi mwaka huu, Sixten," akasema.

Kwa miaka mitatu alizalisha panya wa aina yake. Nusu yao walizaliwa na kitu kama mkasi mdogo ndani ya seli zao, mkasi unaoamka katika msuli wa moyo peke yake, tena pale tu panya anapokula chakula chenye dawa fulani. Mkasi ukiamka, unaikata Mshikizo, na jeni imezimika. Nusu nyingine hawana mkasi. Wao hula chakula kilekile na hakuna kinachotokea. Kwa macho wote ni sawa: weusi, wenye masharubu na haraka zisizo na sababu. Sharti lilikuwa moja: chakula cha dawa kianze kabla Oktoba haijaisha, panya wakiwa bado vijana. Wakizeeka, mioyo yao ingechoka yenyewe, na asingeweza kutofautisha uzee na jeni. Miaka mitatu ingekwenda na maji.

Tuliwaandikisha panya mia nne katika muda wa wiki moja. Picha za vitambulisho zilitoka vizuri, ingawa zilifanana. Wote walipewa mafunzo ya usalama kazini, yaani niliyasoma kwa sauti mbele ya vizimba, na baadhi yao walisikiliza vizuri kuliko watu wa uhasibu. Madume wenye watoto walipewa likizo ya baba kama sheria inavyotaka. Likizo hiyo ni ndefu kuliko ujana wa panya, kwa hiyo wachache wangezeeka wakiwa likizoni, lakini hilo huwapata hata wengine.

Sasa nieleze tunavyoamua mambo. Nchi yetu haina mabosi. Vyeo tulikwisha kuvifuta midomoni: mfagiaji humwita profesa kwa jina lake la kwanza, na profesa humwita mfagiaji vivyo hivyo, kama analijua. Hakuna anayeamrisha. Mwenyekiti wa kikao husoma pendekezo, kisha huuliza: "Je, mkutano unakubali?" Halafu panakuwa kimya. Kimya hicho ndicho demokrasia yetu. Anayekivunja huonekana kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu na viatu vyenye matope. Baada ya kimya, mwenyekiti husema "Naona mnakubali," hugonga kinyundo mezani, na jambo limekwisha. Hatujapiga kura tangu mwaka ule wa mzozo wa mashine ya kahawa, na waliopiga kura siku ile hawajasalimiana mpaka leo.

Kwa kuwa panya ni wafanyakazi, walikuwa na haki ya kuhudhuria. Hillevi alikataa katakata watolewe chini, wasije wakaambukizwa mafua yetu, kwa hiyo walihudhuria kwa njia ya mtandao. Kamera iliwekwa ghorofa ya chini, na picha yao ikajaa ukutani katika chumba cha mikutano. Ilikuwa mchana, na mchana panya hulala. Wajumbe walio wengi, basi, walikuwa usingizini, jambo ambalo halikuwatofautisha sana na wajumbe wengine.

Torkel alianza taratibu. "Napendekeza ofisi ya mkuu wa idara ihamie upande wenye jua. Je, mkutano unakubali?"

Mama mmoja wa maktaba alifungua mdomo. "Lakini, Torkel, huko si ndiko kiliko chumba cha mapumziko ya..."

"Namsikia mjumbe mmoja ana wasiwasi," akasema Torkel kwa upole mkubwa, akauonyesha ukuta. "Na nawaona wajumbe mia nne walioridhika." Akagonga.

Siku hiyo tulipitisha mambo kumi na moja kabla ya kahawa. Torkel alipata ofisi ya jua, chumba cha mvuke cha idara kwa Alhamisi nzima peke yake, na kiti kinachoegemea. Kwenye muhtasari niliandika kwamba maelewano hayajawahi kuwa makubwa kiasi hicho, na ni kweli.

Hillevi alikuja ofisini kwa Torkel wiki iliyofuata. Nilikuwepo, nilikuwa nakipima kiti.

"Torkel, Jumatatu naanza chakula cha dawa," akasema.

"Chakula gani tena?"

"Usinizingue, Torkel. Cha kuzima jeni. Unajua vizuri."

Torkel aliegemea. Kiti kiliitika vizuri. "Na baada ya kuzima?"

"Wakimbie. Tuwaangalie. Mwisho wa baridi nitaipima mioyo yao chini ya hadubini."

"Na panya anayepimwa moyo chini ya hadubini, kesho yake anakuja kazini?"

"Haji."

"Wangapi hawaji?"

"Wote, mwisho wa yote. Ndiyo utafiti wenyewe."

"Hillevi, mwenzangu. Sensa ya wafanyakazi ni kabla ya mwaka mpya, na baada yake kuna ya kila robo mwaka. Wewe unaniambia utawamaliza wafanyakazi mia nne, halafu mimi niwe mtu wa figo?"

"Si wafanyakazi, jamani! Ni panya!"

Nilikohoa. Katika idara yetu lugha ya kubagua wenzako ina utaratibu wake wa kushughulikiwa.

"Panya wenyewe nimewatengeneza mimi," Hillevi akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo kwa watu wa bonde ni baya kuliko kupiga kelele. "Ukoo wetu una watoto saba wanaojifunza kuteleza mwaka huu. Sijui ni yupi wa kumwambia asikimbie. Na Oktoba ikiisha, naanza upya."

"Basi anza upya," akasema Torkel. "Wewe bado kijana. Hata hivyo tusiamue sisi wawili, tutakuwa madikteta. Tuupelekee mkutano."

Mkutano ulipelekewa. Pendekezo lilisema kwamba lishe ya wafanyakazi isibadilishwe mpaka Kamati Ndogo ya Lishe iundwe, ikutane, na kutoa mwongozo. Hillevi alisimama akasema hapana. Alisema mara tatu. Mara ya kwanza watu waliangalia meza, ya pili waliangalia viatu, ya tatu mtu wa takwimu akatoka kwenda kujaza maji kwenye chupa iliyokuwa imejaa. Ukutani, wajumbe mia nne walikuwa wamelala fofofo.

"Naona mnakubali," akasema Torkel, akagonga.

Hillevi alikwenda kwa Rune Gyllensporr wa chama cha wafanyakazi. Rune ni mtu mwema anayevaa sweta la aina moja mwaka mzima.

"Nakuelewa kabisa, dada yangu," Rune akamwambia. "Roho inaniuma. Lakini nikikuunga mkono wewe, nitakuwa nakwenda kinyume na wanachama."

"Wanachama gani?"

"Wamejiunga juzi. Mia nne. Torkel amewaingiza kwa mpigo mmoja. Hatujawahi kupata wanachama wengi hivyo tangu kiwanda cha karatasi kifungwe. Wenzangu wa makao makuu wametuletea keki."

"Rune. Wanachama wako wanakula mavi yao wenyewe."

"Chama hakiingilii maisha binafsi ya wanachama," akasema Rune.

Hayo yote yalikuwa Oktoba, na Oktoba ilikuwa inaishaishia. Mambo yalikuwa shwari kwangu, ila kwa Torkel kulikuwa na pengo moja. Muda wake wa ukuu ulikuwa unamalizika. Alitaka uongezwe miaka sita, na alitaka uongezwe mbele ya Mkuu wa Chuo mwenyewe, ili aone jinsi idara ilivyoungana nyuma yake. Kwa hiyo aliitisha Mkutano Mkuu. Mkuu wa Chuo, Ebba Lagerstam, mwanamke mwembamba anayependa mambo yaishe, aliketi nyuma na kikombe chake.

"Ndio hao?" akauliza, akiutazama ukuta.

"Ndio wenyewe," akasema Torkel. "Moyo wa idara."

"Wanaonekana wametulia."

"Tuna utamaduni mzuri wa kazi."

Tulifika kwenye ajenda ya muda wa mkuu. Hapo mimi, kwa mujibu wa majukumu yangu, nilinyoosha mkono.

"Torkel, jambo linakuhusu wewe. Kanuni inasema mtu hakai chumbani mambo yake yanapoamuliwa."

"Hasa!" akasema Torkel, akifurahi mgeni aone tulivyo safi. "Natoka. Kinyundo nimpe nani?"

Nilifungua kanuni. Mwenyekiti akitoka, kinyundo hushikwa na kiongozi wa kundi lenye wafanyakazi wengi zaidi. Zamani hilo lilikuwa kundi la mishipa, watu tisa. Nilihesabu mara mbili, kwa kuwa mimi si mtu wa kukurupuka. Kundi lenye wafanyakazi wengi sasa lilikuwa la Hillevi. Lilikuwa na watu mia nne na mmoja.

Torkel alisita kidogo. Kisha akautazama ukuta, akawaona wamelala kama kawaida yao, akatabasamu. Alimpa Hillevi kinyundo na kumpigapiga begani. "Wewe soma tu kilichoandikwa, binti. Hawana neno."

Akatoka, akasimama nyuma ya mlango wa kioo. Mlango wetu ni mzuri: unaona kila kitu na husikii chochote.

Hillevi alikishika kile kinyundo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Aliitazama karatasi. Akaigeuza, akaiweka kifudifudi.

"Kuna pendekezo kwamba muda wa Torkel usiongezwe," akasema. "Je, mkutano unakubali?"

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mama wa maktaba aliuma midomo. Rune alishika sweta lake. Mtu wa takwimu alitaka kwenda kujaza maji, akakumbuka kwamba hajabeba chupa. Ukutani panya mmoja aligeuka upande wa pili, akaendelea na usingizi.

"Naona mnakubali," akasema Hillevi, akagonga.

Nyuma ya kioo, Torkel aliona kinyundo kikishuka. Akatuinulia dole gumba.

"Kuna pendekezo kwamba mimi nishike nafasi hiyo kwa muda. Je, mkutano unakubali?"

Kinyundo. Torkel aliinua madole gumba mawili.

"Kwamba chakula cha dawa kianze leo, baada ya kahawa."

Kinyundo. Torkel aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, kama mwimbaji.

"Kwamba wafanyakazi wenzetu wa ghorofa ya chini wastaafishwe kwa heshima zote na warudi kuwa panya."

Hapo Rune alihema kwa nguvu. Alikuwa anawaza keki. Lakini hakusema kitu, na asiyesema amesema.

Nilimgeukia Mkuu wa Chuo, nikitegemea atasimama. Alikuwa anakunywa kahawa yake.

"Sixten," akaniuliza, "utaratibu umefuatwa?"

Niliipitia kanuni yote kichwani, mstari kwa mstari. Nilitafuta hata nukta iliyokaa vibaya.

"Umefuatwa," nikasema.

"Vizuri. Basi mtaungana na Figo. Wana mashine ya kahawa nzuri kuliko hii."

Kumbe habari za mashine hiyo zilikuwa hazijulikani kwa wenzangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chumba kizima kilinong'ona kwa furaha.

Tulimfungulia Torkel. Aliingia mikono miwili imetangulia. Kabla sijamsomea muhtasari, tayari alikuwa anahutubia.

"Sijui niseme nini," akasema. "Nawashukuru. Napokea uamuzi wa mkutano kwa moyo wote, naukubali kama ulivyo, na sitaki mtu yeyote aje kuupinga. Andika hivyo, Sixten."

Niliandika hivyo. Kisha nikamsomea.

Aliugeukia ukuta. "Lakini hata mmoja wao hakusema kitu!" akasema.

"Hakuna aliyesema," Hillevi akakubali. "Pole, Torkel. Ila nina kazi ya kukupa, kama unaitaka. Ya maana kweli, siyo kukufuta machozi. Nahitaji mtu wa kuwaangalia panya wakikimbia, aandike ni yupi anachoka na yupi hachoki. Mimi siwezi. Nawajua wenye mkasi na wasio nao, nitaona ninachotaka kuona. Mirja anayewalisha naye anawajua. Sayansi inataka mtu asiyejua lolote."

Tuliangaliana. Baada ya upembuzi wa kina, ilidhihirika kwamba Torkel alikidhi vigezo vyote.

Majira ya baridi yale alishinda ghorofa ya chini, amevaa koti jeupe na mifuko ya buluu juu ya viatu, akiwatazama panya wakizungusha magurudumu. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaanza kuja mapema. Mara nyingine nilipita nikamsikia akizungumza nao.

"We wa kizimba cha dirishani, una nini leo? Jana ulikimbia kama umeiba. Kaa, pumzika, hakuna anayekufukuza." Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa ukuu: *Huyu anatamani kwenda lakini anaishiwa njiani. Si mvivu. Namjua mvivu nikimwona, nimeongoza idara.*

Mwisho wa baridi Hillevi alifungua siri ya nani alikuwa na mkasi na nani hakuwa nao. Karibu wote ambao Torkel aliwaandika kuwa wanaishiwa njiani ndio waliozimwa Mshikizo. Na chini ya hadubini seli za mioyo yao zilikuwa zimeachiana hapa na pale, kama watu kwenye foleni waliochoka kusubiri. Wenye jeni zao nzima walikuwa wameshikana vilevile. Hillevi alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya chini akalia, kisha akampigia Elof simu. Kufikia masika, madaktari wa bonde walikuwa wamewapima Mshikizo watoto wote saba. Wawili waliambiwa wateleze polepole. Elof anasema wamekasirika sana, ila ni wazima kabisa.

Torkel naye alilia kidogo, lakini kwa ajili ya yule wa kizimba cha dirishani. Aliniomba tupandishe bendera nusu mlingoti. Nilimwambia kanuni inahusu wafanyakazi, na huyu alikuwa mstaafu. Alinitazama kwa namna ambayo sijazoea kutazamwa, nikaenda nikaipandisha.

Ripoti ya utafiti ilitoka ikiwa na jina la Hillevi juu kabisa. Torkel aliitafuta nakala yake, akaikata ukurasa wa mwisho wenye shukrani, akautia kwenye fremu ya kioo na kuutundika juu ya meza yake mpya, upande wa kaskazini, karibu na mashine ya kahawa ya Figo. Kila mgeni huonyeshwa. Maneno yako pale, kwa wino mweusi, mara baada ya shukrani kwa kiwanda cha vumbi la mbao la kutandikia vizimba:

*Mwandishi anamshukuru Torkel Wadensjö, ambaye tangu mwanzo wa kazi hii hadi mwisho wake hakujua chochote.*